WIMBO NDANI YA KADI: Namna Vicheza Muziki Vidogo Vinavyohifadhi Sauti, na Namna Sauti Inavyopotea

Utangulizi

Mtu apitaye katika mitaa inayolizunguka Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, kama vile Msimbazi, Kongo na Aggrey, hukuta meza na vibanda vingi vinavyouza vyombo vya kusikilizia muziki. Zipo redio ndogo zenye tundu la flashi na la memori kadi. Vipo vicheza muziki vidogo vya kubana kwenye mfuko wa shati. Zipo simu za kitochi na simu janja za kila bei. Aghalabu karibu na vyombo hivyo huwapo kijana mwenye kompyuta, ambaye kwa malipo madogo humjazia mteja nyimbo katika kadi yake.

Penye biashara hiyo huulizwa maswali mengi. Kwa nini wimbo uleule huimba vizuri katika simu, lakini redio haiutambui kabisa? Inakuwaje kadi mbili zenye ukubwa sawa, moja ijae kwa nyimbo tisini na nyingine ibebe zaidi ya elfu moja? Kwa nini nyimbo nyingine husikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya debe? Majibu yanayotolewa mara nyingi huhusu jina la kiwanda au bei ya chombo. Majibu ya kweli yamo katika fizikia na katika hesabu, tena hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha 3 aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Jambo hili si la burudani peke yake. Kwenye meza hizo hizo watu hupeleka pia kanda za kaseti za zamani ili ziingizwe katika kadi: kanda za harusi, za mawaidha, za ngoma za unyago, au za sauti ya mzee ambaye amekwisha kufariki. Baada ya kazi hiyo kanda yenyewe mara nyingi hutupwa. Namna ya kuhifadhi inayochaguliwa hapo kwa dakika moja ndiyo itakayoamua ni kiasi gani cha sauti ile kitabaki kwa wajukuu. Kwa hiyo yatupasa kujua kinachotendeka.

1. Kutoka mtetemo hadi tarakimu

Sauti ni mtetemo unaosafiri katika hewa. Ngozi ya ngoma inapopigwa, huisukuma hewa mbele na kuivuta nyuma, na mtetemo huo hufika kwenye kiwambo cha sikio. Idadi ya mitetemo kwa sekunde hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi hezi 20,000 hivi. Mpaka wa juu hushuka kadiri umri unavyoongezeka.

Kanda ya kaseti huhifadhi sauti kwa mfano wake. Nguvu ya sumaku kwenye utepe hupanda na kushuka sawasawa na wimbi la sauti lenyewe. Chombo cha kidijiti hakifanyi hivyo. Chenyewe hupima kimo cha wimbi kwa vipindi vilivyo sawa na kuandika kila kipimo kwa namba. Kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Wimbo uliomo ndani ya kadi, basi, ni orodha ndefu ya namba.

Hapa huzuka maswali mawili. La kwanza: tupime mara ngapi kwa sekunde? Kanuni iliyojengwa juu ya kazi za Harry Nyquist (1928) na Claude Shannon (1949) husema kwamba idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa tunaotaka kuuhifadhi. Kwa kuwa sikio huishia kwenye hezi 20,000, zahitajika sampuli zaidi ya 40,000. Santuri za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, zilichaguliwa kuwa na sampuli 44,100 kwa sekunde. Simu za kawaida zilijengwa kwa sampuli 8,000 tu, na hivyo haziwezi kubeba mitetemo inayofikia hezi 4,000; ndiyo maana sauti ya mtu kwenye simu hizo husikika imebanwa, na herufi "s" na "f" hukaribiana mno.

Swali la pili: rula yetu ya kupimia iwe na alama ngapi? Kompyuta huandika namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila tarakimu huitwa biti. Tukitumia biti 16 kwa kila sampuli, tunapata ngazi za kimo 2 kwa kipeo cha 16, yaani 65,536. Ngazi zikiwa chache, kimo halisi hulazimishwa kuangukia kwenye ngazi iliyo karibu, na kosa hilo dogo husikika kama mchakacho nyuma ya muziki.

2. Hesabu ya ukubwa

Tuchukue wimbo wa dakika 4, uliorekodiwa kwa kiwango cha CD, wenye mikondo miwili ya sauti, wa kushoto na wa kulia.

Biti kwa sekunde: 44,100 × 16 × 2 = 1,411,200
Sekunde katika dakika 4: 240
Jumla ya biti: 1,411,200 × 240 = 338,688,000
Kwa kuwa baiti 1 ni biti 8: 338,688,000 ÷ 8 = baiti 42,336,000, yaani megabaiti 42.3.

Faili la namna hii, lisilobanwa, kwa kawaida huitwa WAV. Kadi ya gigabaiti 4 itachukua nyimbo 94 tu za aina hiyo. Sasa tulinganishe na namna nyingine ambazo tutazieleza hivi punde.

JEDWALI: Wimbo wa dakika 4 katika kadi ya gigabaiti 4
WAV, biti 1,411,200 kwa sekunde: megabaiti 42.3, nyimbo 94
FLAC (hutegemea muziki): megabaiti 25 hivi, nyimbo 160 hivi
MP3, biti 320,000 kwa sekunde: megabaiti 9.6, nyimbo 416
MP3, biti 128,000 kwa sekunde: megabaiti 3.84, nyimbo 1,041
MP3, biti 64,000 kwa sekunde: megabaiti 1.92, nyimbo 2,083

Swali la kadi mbili limekwisha kujibiwa. Tofauti haimo katika kadi. Imo katika namna ya kufungasha. Lakini tujiulize: megabaiti 38 zilizoondolewa kati ya mstari wa kwanza na wa nne zimekwenda wapi?

3. Kubana bila kupoteza

Mfanyabiashara wa mitumba hupokea nguo zikiwa zimekandamizwa katika belo. Belo ni dogo kuliko lundo la nguo, lakini likifunguliwa, kila shati limo. Fomati ya FLAC, iliyokamilishwa toleo lake la kwanza mwaka 2001, hufanya kazi kama belo. Programu hutazama sampuli zilizotangulia na kukisia ifuatayo itakuwa namba gani. Kwa kuwa wimbi la sauti haliruki ovyo, kisio huwa karibu na ukweli. Badala ya kuandika namba nzima, programu huandika tofauti tu kati ya kisio na ukweli, na tofauti hizo, zikiwa ndogo, huhitaji biti chache.

Wakati wa kusikiliza, king'amuzi hukisia vilevile, huongeza tofauti iliyoandikwa, na kupata namba ileile ya awali. Hakuna sampuli hata moja iliyobadilika. Faida yake ni uaminifu. Gharama yake ni kwamba faili hupungua kufikia nusu au theluthi mbili hivi tu.

4. Kubana kwa kupoteza

Namna ya pili hutegemea udhaifu wa sikio. Fikiri watu wawili wanaozungumza kwa sauti ya chini kwenye njiapanda ya Msimbazi na Uhuru. Basi linapopiga honi karibu yao, maneno yao hayasikiki. Hewa bado inayabeba maneno hayo, lakini sikio haliyapokei, kwa sababu sauti kubwa imeifunika ndogo. Wataalamu wa usikivu wamepima tabia hii kwa makini. Sauti kubwa huzifunika zaidi sauti ndogo zenye mitetemo iliyo karibu na yake, na hufunika hata sauti ndogo zinazofuata muda mfupi baada yake.

Programu ya kutengeneza MP3 hutumia elimu hiyo. Huukata muziki katika vipande vya sampuli 1,152, ambavyo kwa kiwango cha CD ni muda wa sekunde 0.026 hivi. Kila kipande huchambuliwa ili kujua kina nguvu kiasi gani katika kila eneo la mitetemo, kuanzia besi hadi milio ya juu. Kisha programu hukadiria sauti zipi zimefunikwa. Zile zinazosikika huandikwa kwa rula yenye alama nyingi. Zilizofunikwa huandikwa kwa rula yenye alama chache, au huachwa kabisa. Mwisho, namba zinazojirudia mara nyingi hupewa alama fupi, kwa njia aliyoibuni David Huffman mwaka 1952.

Kiasi cha kuacha huamuliwa na kiwango cha biti. Kwa biti 320,000 kwa sekunde, wasikilizaji wengi hawawezi kutofautisha wimbo na CD yake. Kwa biti 128,000 kwa kawaida mitetemo ya juu ya hezi 16,000 hivi hukatwa. Kwa biti 64,000 hasara husikika waziwazi. Milio ya ghafla ndiyo inayoumia kwanza: kayamba, makofi, matoazi, nyuzi za kanuni katika taarabu. Kayamba huanza kusikika kama maji yanayochemka, na kabla ya pigo la ngoma huweza kusikika kivuli cha mlio kinachotangulia, kwa sababu kosa la kipimo limetandazwa katika kipande kizima, hata sehemu iliyo kabla ya pigo. Kwa upande mwingine, sauti ya mtu mmoja anayesoma habari huvumilia kubanwa kuliko bendi yenye magitaa matatu na matarumbeta.

5. Fomati zinazokutwa sokoni

MP3 ilitokana kwa sehemu kubwa na utafiti uliofanywa Ujerumani, katika taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, ambako Karlheinz Brandenburg alikuwa miongoni mwa watafiti wakuu. Ilichapishwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1993, na jina la ".mp3" lilichaguliwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi viwanda vilitozwa ada ya hataza ili kuitumia. Mpango wa ada hiyo ulifungwa mwaka 2017. MP3 ndiyo inayosomwa na vyombo vingi kuliko fomati nyingine yoyote iliyobanwa.

AAC, iliyotolewa mwaka 1997, ni ndugu mdogo wa MP3 mwenye mbinu bora zaidi, mara nyingi faili lake huishia kwa ".m4a". Vorbis, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2002, na Opus ya mwaka 2012 ni fomati huria, zisizodai ada. Opus hufanya vizuri hasa pale biti zinapokuwa chache. Ujumbe wa sauti unaotumwa kwa WhatsApp hutumia fomati hiyo. AMR ni fomati ya kurekodia maneno katika simu nyingi za zamani. Hutumia sampuli 8,000 kwa sekunde, na haifai kabisa kwa muziki.

Herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili ni kibandiko tu. Mtu akibadili jina kutoka ".m4a" kuwa ".mp3", hajabadili kitu ndani yake, kama vile kubandika karatasi yenye neno "sukari" kwenye gunia la chumvi kusivyoifanya chumvi iwe tamu.

6. Chombo na programu yake

Kila kicheza muziki, kiwe cha bei ndogo au kubwa, kina sehemu tano: hifadhi, ambayo ni kadi au flashi, king'amuzi, kinachofungua faili na kupata namba, kigeuzi, kinachobadili namba kuwa umeme unaopanda na kushuka, kikuza sauti, na spika au spika za masikioni. Zote huendeshwa na programu iliyopachikwa ndani tangu kiwandani.

Vicheza muziki vya kwanza vya kidijiti vilivyouzwa kwa umma, MPMan F10 ya Korea ya Kusini na Rio PMP300 ya Marekani, vilitoka mwaka 1998 vikiwa na hifadhi ya megabaiti 32, yaani nyimbo nane za MP3 kwa hesabu yetu ya biti 128,000. iPod ya kampuni ya Apple ilitoka mwaka 2001 ikiwa na gigabaiti 5, na utengenezaji wake ulikomeshwa mwaka 2022 baada ya simu kuchukua nafasi yake. Hata hivyo, mahali ambapo umeme ni wa shida na kifurushi cha intaneti ni ghali, chombo chenye betri inayodumu na nyimbo zilizomo ndani yake bado kina kazi.

Tulinganishe aina tatu.

(a) Redio ndogo yenye tundu la flashi na kadi. King'amuzi chake ni kidude kimoja cha bei ndogo, kilichotengenezwa kwa MP3 na pengine WAV. Hakiwezi kujifunza fomati mpya. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya redio kuruka wimbo ambao simu inauimba. Redio nyingi za namna hii hazipangi nyimbo kwa majina. Huzicheza kwa utaratibu ule ule zilivyoingizwa katika kadi. Atakaye wimbo fulani utangulie, na aunakili kwanza.

(b) Kicheza kidogo cha mfukoni na simu ya kitochi. Hivi vina kioo cha kuonyesha majina, ambayo husomwa kutoka katika maelezo yaliyofichwa ndani ya faili: jina la wimbo, la msanii na la albamu. Maelezo hayo yakiandikwa vibaya, Marijani na Mbaraka huchanganyika katika orodha. Kwa baadhi ya vicheza vya zamani, wapenzi wa muziki waliandika programu huria iitwayo Rockbox, iliyoanza mwaka 2001 huko Sweden, ambayo huchukua nafasi ya programu ya kiwandani na kukiwezesha chombo kilekile kusoma FLAC, Vorbis na nyinginezo. Mfano huu hutufundisha kwamba uwezo wa chombo haumo katika chuma peke yake.

(c) Simu janja. Hapa ung'amuzi hufanywa na programu inayoweza kubadilishwa. Simu zenye mfumo wa Android husoma MP3, AAC, FLAC, Vorbis, Opus na WAV, na programu huria kama VLC huongeza nyingine nyingi. Udhaifu wake ni betri, ambayo muziki hugawana na kioo, mtandao na kazi nyingine.

Mnunuzi mwenye busara, basi, haulizi kwanza jina la kiwanda. Huuliza: kinasoma fomati zipi, kinapokea kadi ya ukubwa gani, na betri yake hudumu saa ngapi?

7. Kuhusu kadi yenyewe

Mambo matatu huwatatiza wanunuzi. Kwanza, kadi ya gigabaiti 4 ikiwekwa katika kompyuta huweza kuonyesha 3.7 hivi. Mnunuzi hajaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali kompyuta nyingi hugawanya kwa 1,073,741,824, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 30.

Pili, kadi huwa na utaratibu wa kupanga mafaili, mfano wa daftari la ghala. Kadi hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia utaratibu wa FAT32. Zilizo kubwa zaidi hutoka kiwandani na utaratibu wa exFAT. Redio ndogo nyingi hujua FAT32 tu. Ikipewa kadi ya gigabaiti 64, hunyamaza, si kwa sababu kadi ni mbovu, bali kwa sababu daftari limeandikwa kwa lugha isiyoijua.

Tatu, zipo kadi za uongo. Kidhibiti kilichomo ndani yake hufanywa kidai kwamba kadi ni ya gigabaiti 64 wakati nafasi ya kweli ni gigabaiti 8. Nyimbo za kwanza huimba vizuri. Zinazozidi nafasi ya kweli hupotea, au huandikwa juu ya zilizotangulia. Kuitazama kwa macho hakutoshi, wala kusoma ukubwa katika kompyuta. Njia ya uhakika ni kuijaza yote kisha kusoma kila kilichoandikwa. Programu za H2testw na F3 hufanya kazi hiyo bila malipo. Mtu asihamishie humo kumbukumbu zake za pekee kabla ya kuipima.

8. Kunakili na kugeuza

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Enzi za kaseti, kila nakala ilikuwa duni kuliko mama yake, kwa kuwa mvumo wa utepe uliongezeka kila mara. Katika mfumo wa kidijiti, kunakili faili kutoka kadi hadi kadi hakupunguzi lolote: namba ni zilezile, hata nakala iwe ya mia. Watu wengi wamelijua hili, na kutokana nalo wakaamini kwamba sauti ya kidijiti haiharibiki kamwe. Hapo ndipo wanapokosea.

Kunakili ni jambo moja. Kugeuza ni jambo jingine. Ukigeuza faili la MP3 la biti 128,000 kuwa la biti 64,000 ili nyimbo nyingi zienee, umetupa sehemu ya sauti. Ukiligeuza tena kuwa la biti 320,000, faili litakuwa kubwa mara tano, lakini kilichotupwa hakirudi. Na kwa kuwa programu hukadiria upya na kukata upya, mara nyingi sauti huzidi kuharibika kidogo. Ni kama kukamua tui na kuitupa chicha: kuongeza maji kwenye tui hakurudishi nazi nzima. Vivyo hivyo, FLAC iliyotengenezwa kutokana na MP3 huhifadhi kwa uaminifu mkubwa sauti iliyokwisha kupungua.

Kwa hiyo kanuni ni moja, nayo ni fupi: hifadhi kwanza faili mama lisilopotezwa kitu, kisha kutoka humo tengeneza nakala ndogo za kusikiliza. Usigeuze kamwe kutoka nakala ndogo kwenda nakala nyingine.

9. Kanda za zamani

Kanuni hii ina uzito wa pekee kwa nchi yetu. Kwa miaka mingi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa mahali pakuu pa kurekodi bendi zetu. Kazi za NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, na za Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kujulikana sana katika ukumbi wa DDC Kariakoo, zilinaswa katika tepu za sumaku. Mbali na tepu za redio, zipo kaseti zilizomo majumbani, ambazo hazimo katika orodha yoyote.

Utepe wa sumaku hauishi milele. Gundi inayoshikilia chembe za sumaku juu ya plastiki huweza kunyonya unyevu wa hewa na kuvunjika polepole, na hewa ya pwani ni ya joto na unyevu. Utepe uliodhoofika huenda ukachezeka mara moja tu kabla ya kubanduka. Mara hiyo moja ikitumika kutengeneza MP3 ya biti 64,000, bendi nzima imebaki kivuli chake.

Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hushauri kwamba tepu zihamishiwe katika faili la WAV lenye sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa kila sampuli. Hesabu yake: 48,000 × 24 × 2 = biti 2,304,000 kwa sekunde, ambazo kwa saa moja ni gigabaiti 1.04 hivi. Kadi ya kweli ya gigabaiti 32 huchukua saa 30 za kanda kwa kiwango hicho. Uhaba wa nafasi, basi, hauwezi tena kuwa kisingizio.

Anayepeleka kaseti yake kwa fundi amwombe mambo manne: kwanza asafishe kichwa cha redio kaseti, pili arekodi kwa WAV, tatu ampe faili hilo zima pamoja na MP3 ya kusikiliza, nne amrudishie kanda yake. Faili mama liwekwe mahali pawili tofauti, kwa kuwa flashi nayo huharibika. Na kwa muziki wa wasanii, ikumbukwe kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi. Kuokoa kanda yako isioze ni jambo moja, na kuuza nakala za jasho la mwingine ni jambo jingine.

10. Majaribio ya darasani

Jaribio la 1 (bila kompyuta). Chora wimbi moja lenye mawimbi madogo juu yake katika karatasi ya grafu. Mwanafunzi wa kwanza asome kimo chake katika sehemu 8 kwa ngazi 4 tu. Wa pili asome katika sehemu 32 kwa ngazi 16. Kila mmoja ampe mwenzake namba zake tu, naye achore upya. Linganisheni michoro na wimbi la kwanza. Nani alitumia biti nyingi, na alipata faida gani?

Jaribio la 2. Kwa kutumia programu huria ya Audacity, rekodini dakika moja ya kayamba na makofi kwa sampuli 44,100, biti 16, mikondo miwili. Hifadhini kama WAV (baiti 10,584,000 hivi). Tengenezeni MP3 ya biti 64,000 (baiti 480,000 hivi), kisha igeuzeni MP3 hiyo kuwa WAV ya pili. Ukubwa wa WAV mbili utakaribiana sana. Zisikilizeni kwa spika za masikioni bila msikilizaji kuambiwa ipi ni ipi, mara kumi, na mwandike ametambua mara ngapi.

Maswali

1. Wimbo wa taarabu una dakika 12. Tafuta ukubwa wake kwa kiwango cha CD, na kwa MP3 ya biti 128,000.
2. Kadi ya gigabaiti 8 itachukua muziki wa muda gani kwa biti 128,000 kwa sekunde?
3. Faili la MP3 limeandikwa biti 320,000, lakini uchambuzi unaonyesha kwamba hakuna mtetemo wowote juu ya hezi 11,000. Unashuku nini?
4. Redio husoma kadi ya gigabaiti 16 lakini si ya gigabaiti 64, ingawa simu husoma zote mbili. Toa sababu moja, na ueleze utakavyoihakikisha.

Majibu: (1) Baiti 127,008,000, baiti 11,520,000. (2) Sekunde 500,000, yaani saa 138, dakika 53 na sekunde 20. (3) Huenda liligeuzwa kutoka faili la biti chache, ingawa chanzo chenyewe, kama vile kaseti iliyochakaa, chaweza pia kuwa hakikuwa na milio ya juu. (4) Huenda kadi kubwa ina utaratibu wa exFAT: hamisha kwanza mafaili yake, ipange upya kwa FAT32, kisha uijaribu tena katika redio ileile.